Nilipuliza Kinywaji Mbele ya Wifi Yangu, Sasa Siwezi Kumbariki Binti Yangu

Bura, 2 Novemba 1976

Mpendwa mshauri Bi Umi,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, kwa maana jambo lenyewe ni la aibu na nimeshindwa kumwambia hata padri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu Crispus ni karani Voi, hukaa huko siku za kazi na kupanda huku mlimani kila Jumamosi, tumeishi hivyo miaka ishirini na miwili, shamba nalima mimi, watoto nimelea mimi, na yeye hajawahi kunipiga wala kunitukana, hilo nalisema ili usidhani ni mtu mbaya.

Shida ilianza mwezi wa tano. Nikimpikia kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, chakula alicholelewa nacho, anakionja kwa ncha ya kijiko na kuniuliza, "Mama Elsie, kwani hapa nyumbani hakuna tangawizi?" Tangawizi! Kwenye kimanga! Kisha siku moja nikifua koti lake nikapata mfukoni mwavuli mdogo wa karatasi nyekundu, mwavuli usioweza kumkinga hata panya, nikamuuliza ni wa nini, akacheka akasema ni wa kupamba glasi. Glasi gani, na nani? Usingizi ukanitoka tangu siku hiyo.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu mwenzangu Donald. Alisema kuna hoteli moja Voi, mbele wanauza chapati na mchuzi kama hoteli zote, lakini ukipita jikoni ukaingia chumba cha kupigia pasi, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa kuna mlango, na ndani kuna chumba chenye taa nyekundu ambako mpishi mmoja Mkamba, Ndambuki, aliyepika kwenye meli miaka mingi mpaka akafika Singapuri, anapika samaki kwa tangawizi na tambi za kukaanga, zinaliwa kwa vijiti, na wanachanganya vinywaji wanaviita kokteli. Kimefichwa kwa sababu mwenye hoteli, Mhindi, anakaa ghorofani na mama yake mzee, na mama huyo hataki pombe wala nyama chini ya paa lake, kwa hiyo ukiulizwa unasema umefuata shati lako.

Basi Jumatano moja nilipoteremka Voi kuchukua madaftari ya shule, jioni nikavaa gauni langu la kanisani nikaenda. Mwanamke hakubaliwi kuingia peke yake, Donald akanisindikiza.

Bi Umi, ningemkuta na malaya ningejua la kufanya. Nilimkuta na dada yake. Wakio, wifi yangu, mjane, anakaa Voi, alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa nilichompa mimi Krismasi, na mume wangu alikuwa anachukua samaki kwa vile vijiti anamtia mdomoni, na yule mama wa miaka hamsini anacheka kama msichana. Nilichomwa na wivu. Miaka ishirini na miwili mimi hajanikalisha mahali popote, hata chai ya stesheni hajaninunulia, huniambia hoteli ni za wanawake wavivu wa kupika, kumbe kiti kipo, ila si changu. Crispus aliniona, akamwona na Donald, akasema tu, "Karibu, mwalimu," na hakuwa anasema nami.

Tukakaa. Donald akaniagizia glasi, kitu cha manjano, nikadhani ni maji ya nanasi, na kwa hasira nikakibugia chote. Kilikuwa moto mtupu. Nikapaliwa, nikakipuliza chote kikatawanyika mpaka karibu na meza yao.

Sasa hapa lazima nikueleze mila yetu, maana wewe si Mtaita. Sisi tuna kutasa. Mkubwa wa nyumba hutia maji au maji ya miwa kinywani, akayapuliza, akatamka baraka. Lakini kwanza hukitoa kinyongo chake chote kwa kukisema, kwa sababu baraka ikipita juu ya kinyongo humdhuru anayebarikiwa. Hata sisi tuliofunga ndoa misheni hatujaiacha. Kwa hiyo nilipopuliza, chumba chote kilinyamaza. Mhudumu, kijana wa Wundanyi, akasimama na sinia mkononi. Wakio akainamisha kichwa apokee. Walikuwa wanangoja maneno.

Ningesema, "Poleni, nimepaliwa," yangeisha. Mungu anisamehe, nilisema, "Mshibe. Shibeni nyinyi wawili mpaka mtosheke." Nikayasema kwa nyongo yangu yote. Wakio akainua uso, akanitazama, akaviweka vijiti chini.

Tangu siku ile tumbo limemvimba, wiki ya tatu sasa chakula hakikai, na hospitali hataki, anasema sindano haitoi neno. Crispus hajapanda mlimani. Na sasa binti yetu Elsie anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na mama mkwe ameniletea agizo kwamba sitatia maji kinywani mbele ya mtoto wangu mpaka nikamtasie Wakio, niyaondoe niliyoyasema. Niko tayari kwenda, lakini moyo haujatoka pale chumbani, kila nikimkumbuka na kile kitambaa nawaka upya. Je, nikaigize tu, maji ni maji? Au niseme Wakio asije arusini, ili nimbariki mwanangu kwa amani? Nisaidie, binti ni mmoja tu.

Gertrude, Bura

JIBU LA BI UMI

Mwanangu Gertrude,

Majina yote nimeyabadilisha, ingawa Voi mji ni mdogo na wanaojuana watajuana. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Kwenye mwavuli nimecheka, kwenye kitambaa cha kichwa nimekuonea huruma, na sasa nakaza uso.

Huyo Wakio apelekwe hospitali kesho asubuhi. Wiki tatu chakula hakikai, tumbo limevimba, nanyi mmekaa mnangojeana? Mwambieni dawa na neno havigombani, atapewa vyote viwili.

Tuje kwako. Umeniandikia kurasa nne. Crispus amepata yake, Wakio amepata yake, hata samaki na tambi wamepata nafasi nzuri. Kwenda kwako na Donald kumepata neno moja tu: "akanisindikiza". Mumeo amekaa na ndugu yake wa tumbo moja, mara mkewe anatokeza nyuma ya mashuka, amevaa gauni la kanisani, na mwanamume nyuma yake, na mwanamume huyo ndiye anayemwagizia kinywaji. Umejiuliza yeye alilalaje usiku ule? Sisemi ulizini, naamini hukufanya lolote. Lakini wivu hukuupanda peke yako. Mmoja anao bondeni, mwingine anao mlimani, na kila mmoja anadhani ni yeye aliyeonewa.

Na wewe bwana, utajijua. Kumlisha samaki dada yako mjane ni jambo jema, Mungu akulipe. Kumficha mkeo ndiko kulikozaa haya yote. Mwanamke amekulimia, amekulelea watoto, unamwambia hoteli ni za wavivu, halafu wewe mwenyewe unapenya kwenye mashuka ya watu ukisema umefuata shati! Huna haya.

Gertrude, mimi pombe siijui ladha yake, na mila zenu nazisikia kwa majirani tu. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kinyongo hutolewa kwa kusemwa. Sasa unaniulizaje kama ukaigize? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukienda pale ukapuliza maji na moyo umeufunga, utakuwa umefanya mara ya pili lile lile ulilolifanya hotelini, safari hii bila ya kupaliwa.

Na kumzuia Wakio arusini, usithubutu kulitamka. Yule ni shangazi wa bibi arusi. Mtoto ataingia kwenye ndoa yake watu wakihesabu nani hakuja.

Fanya hivi. Jumamosi hii usimngoje mumeo apande, teremka wewe, mchana, peke yako. Mpitie Crispus na umwambie habari ya Donald kabla hajakuuliza: kwa nini ulikwenda naye, na kwamba hapana zaidi. Kisha mwende wote wawili kwa Wakio, hospitali au nyumbani. Usimwambie, "Nimekusamehe." Hakukukosea huyo, ameitwa na kaka yake kula, akala. Mwambie, "Dada, nilikuonea wivu. Nilitaka kukaa pale ulipokaa wewe." Najua yatakukwama kooni kuliko kile kinywaji. Yaseme hivyo hivyo, mumeo akisikia, maana yanamhusu kuliko yanavyomhusu dada yake. Na kama bado unawaka kidogo, sema kwamba unawaka kidogo. Halafu ndipo utie maji kinywani.

Usikae Bura ukingoja moyo uwe mweupe kwanza. Mimi nina miaka sitini na mmoja, nimezika waume wawili, na wangu haujawa mweupe hata leo. Mwezi wa kumi na mbili Elsie atakuinamishia kichwa. Hatakuuliza una kinyongo na nani. Atangoja maneno ya mama yake, na wewe ukisimama pale umefumba mdomo, atainua kichwa aende kwa mumewe bila ya hayo.