Ushuru wa Chumvi

Ivuna, Jumanne, Agosti 1953

Bado naamini nilisema kweli barazani. Wazee walitaka kupandisha kodi ya kichwa ili tujenge zahanati. Mimi, karani wao, nikasema kila kodi ikipanda vijana wanavuka mpaka kwenda migodini. Afadhali tutoze ushuru kila mzigo wa chumvi unaotoka hapa. Mwene, chifu wetu, akakubali. Kesho tunaanza, na mtozaji ni mimi.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Mke wangu Tabitha alikuwa akichochea moto chini ya vyungu vya chumvi.

"Kwa hiyo umetutoza sisi," alisema.

"Wanaolipa ni wachuuzi."

"Mchuuzi akilipa kwako, huku kwetu anashusha bei. Hilo hamkuliona?"

Nikarudi kwa Mwene kumwomba tungoje kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karani, mwanao alifia njiani mkimpeleka hospitali. Hiyo zahanati tuijenge kwa kitu gani?"

Nilimpelekea Tabitha maneno hayo. Akasema kesho atabeba mzigo wake mwenyewe hadi kwenye kizuizi cha ushuru, awe wa kwanza kupita.

"Unitoze mbele ya watu. Usinisamehe hata senti moja."

Nimekubali. Yeye amelala, mimi usingizi hauji. Wako wanawake wengi hapa wanaochemsha chumvi, na wengi wao wamezika watoto. Barazani hatukumwita hata mmoja.