Somo Alilolikosa Sikudhani

Jumatatu, 2 Juni
Tena maneno. Tuko wanawake sita, tunafundishwa ukedi: kumbebea mchezaji wa gofu mfuko wa fimbo, kumtafutia mpira, kuelewa anachosema. Uwanja ulikuwa shamba la mikorosho, hapa Mtunda nyuma ya hoteli mpya. Leo "paa". Si mnyama. Ni idadi ya mapigo iliyopangwa ya kufikisha mpira shimoni. Ukipunguza moja ni "bedi", ukizidisha moja "bogi". Nimeandika yote. Nina kidato cha nne mimi.
Sikudhani haandiki. Anasikia mara moja, basi. Mke wa kaka yangu Omari, darasa la saba tu. Mwalimu anamwita "kichwa".

Jumanne, 3 Juni
Nimesema bogi badala ya bedi. Sikudhani akanisahihisha mbele ya wote. "Wifi, bogi si ndiyo ile ya kuharibu?" Wakacheka. Hata mpishi wa hoteli.
Namchukia.

Alhamisi, 5 Juni
Sikudhani hakuja. Mtoto wake ana homa. Mwalimu kasema neno la leo ndilo kubwa kuliko yote: "foo". Mpira ukienda kombo mchezaji anapaza sauti, "Foo!" Ukiisikia, chini hapohapo, mikono kichwani, usitazame. Tumerudia mpaka magoti yakauma. Akaniagiza nimpelekee wifi somo.
Nilimkuta anamkanda mtoto kwa kitambaa. Nikamsomea yote sawasawa. Tulipofika foo nikamwambia ni nne ya Kizungu, mchezaji anahesabu mapigo. Ukiisikia, mgeukie, mwonyeshe vidole vinne.
"Ahsante wifi. Mwingine angeninyima."
Nataka achekwe. Mara moja tu.

Ijumaa, 6 Juni
Hakuna somo. Nimepita mlangoni kwao mara mbili. Sikuingia.

Jumamosi, 7 Juni
Wageni wa kwanza. Sikudhani alikuwa mbele, karibu na bendera ya shimo. Mgeni akapiga, mpira ukapinda. Foo. Sisi watano chini. Yeye akageuka, akanyoosha mkono. Vidole vinne. Anatabasamu.
Jicho la kushoto.
Sauti ya kugonga ilikuwa ndogo. Sikutegemea iwe ndogo vile.

Jumatatu, 9 Juni
Hospitali Kibiti. Jicho halipo tena. Mwalimu ameniuliza kama nilimfikishia lile neno. Nikasema ndiyo, nilimsomea mara mbili. Hatamrudisha kazini. Mzembe, kasema.
Omari alimgombeza kitandani pale, mimi nimesimama. "Umefundishwa na dada yangu, hukusikiliza." Sikudhani akanitazama. Nikangoja aseme.
"Labda nilisikia vibaya," akasema.
Nikamfunika shuka.

Jumamosi, 21 Juni
Nimefanywa kiongozi wa makedi. Kofia nyeupe. Mwalimu anasema nina utulivu. Ni kweli. Nalala vizuri, nakula vizuri. Nilidhani ningekuwa mgonjwa.

Ijumaa, 27 Juni
Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kwa Omari. Sikudhani ameanika mpunga uani, amekaa kando ya mkeka na fimbo ya kufukuzia kuku. Mtoto amepona, akaja nimpakate, "shangazi, shangazi". Wifi akaniletea chai na mihogo. Hakutaja uwanja. Aliuliza tu kama kofia hainibani.
Kuku waliingia mkekani kwa upande wake wa kushoto, asiouona. Watatu, kisha watano. Walikula polepole.
Nilikunywa chai yangu. Sikuwafukuza.