Nafasi Yako, Gathoni

Gathoni rafiki yangu,

Ijumaa mwalimu wa mashine za umeme aliita jina lako darasani. Ni mgeni. Amelichukua somo katikati ya muhula baada ya mwenzake kwenda likizo ya uzazi, na nadhani ofisi ilimpa majina ya zamani, yale yaliyoandikwa kabla hujatutoka. Alikuwa akisoma bila kuinua macho. Alipofika kwako akaita, akaita tena, kisha akauliza, "Huyu Gathoni hayuko leo?" Wenzangu wakatazamana. Hakuna anayekujua huku. Ningeweza kunyamaza tu, akuhesabu miongoni mwa watoro, aendelee. Lakini miguu ilisimama kabla sijaamua. Nikasema, "Mwalimu, huyo alifariki. Mimi ndiye nilikuja mahali pake."

Nimekaa hapa karibu mwaka mzima bila kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu. Mwalimu alisema pole, pole ya kweli, kisha akachukua kalamu na kukukata kwa mstari mmoja. Nikaketi. Sikusikia kingine alichofundisha.

Leo Jumapili wenzangu wa chumbani wameenda kanisani, nami nimebaki nikuandikie. Kuna mambo yaliyotokea baada yako ambayo hakuna aliyekueleza. Na kuna jambo limenikaa kifuani ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine, kwa sababu mtu mwingine atakimbilia kunifariji.

Unakumbuka siku ya kwanza pale chuo cha ufundi, ulivyoingia karakana na viatu vyako vya kazi vilivyochakaa, sisi wengine tukidhani wewe ndiye mwalimu? Tulisimama tukakusalimia. Ukacheka hadi ukashika meza. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya upili majuzi tu, msichana wa Wamagana asiyejua kushika koleo. Wewe ulikuwa mama wa mtoto, umeuza waya na swichi katika duka la Bwana Pravin pale mjini miaka mingi, hadi ukachoka kuuza vitu ambavyo ulitamani kuvielewa. Tulipewa meza moja. Wewe ulinionyesha namna ya kusuka koili ya mota bila kuumiza waya, nami nikakufundisha hesabu. "Ciru, rudia pole pole," ulikuwa ukiniambia. "Mimi shule niliacha kitambo, hiyo kichwa iko na kutu." Halafu unaikamata, na ukishaikamata haikutoki. Mwaka wa mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikikuuliza.

Julai ile ya baridi kali tulipika githeri pale nyuma ya chumba chako cha kupanga, mikono yetu ikigombania joto la jiko, mwanao Njeri amejifunika koti lako hadi puani. Ndipo nilipokuambia juu ya ule ufadhili. Wanafunzi wa diploma wanaotaka kuendelea na digrii za sayansi na teknolojia, wanaingizwa moja kwa moja mwaka wa tatu, kila kitu kinalipwa. Kila chuo cha ufundi kingetoa mtu mmoja. Ulikoroga sufuria ukasema, "Hiyo ni ya nyinyi watoto. Mimi niko na mtoto na niko na mama." Nikakubishia siku nyingi. Nilikuchosha hadi ukaomba nafasi ili ninyamaze.

Na ulipochaguliwa wewe, nikatajwa mimi kuwa wa pili, wa akiba, nilikukumbatia pale nje ya ofisi ya mkuu wa chuo. Nilifurahi, Gathoni. Nilifurahi na niliumia, vyote kwa pamoja, na wewe uliviona vyote. Hukujifanya hukuviona. Ulinishika bega ukasema, "Leo nenda nyumbani ulie. Kesho kuja tuongee." Nilienda nikalia. Kesho yake tuliongea, nayo ikaisha. Hiyo haijawahi kunisumbua. Kinachonisumbua kilikuja baadaye.

Nilikuona ukisimama katikati ya ngazi za karakana. Sote tulikuona. Ulikuwa ukishika ukuta, unavuta pumzi, ukitutania kuwa ni umri. Hakuna aliyejua kwamba homa ya utotoni ilikuwa imekuharibia moyo. Hata wewe hukujua hadi mvua ndefu zilipoanza na miguu ikavimba. Wakati huo mimi nilikuwa Wang'uru, kule Mwea, nimepata kibarua cha kutunza mota za kinu cha mchele. Tulizungumza kwa simu ukiwa umelazwa wadini. Ulikuwa ukikohoa na kulalamikia uji wa hospitali. Ulisema ukitoka utaenda kununua begi kubwa la kwendea chuo kikuu. Siku chache baadaye simu ilipoita na jina lako likatokea, niliipokea nikikutania, "Umeshiba uji?" Ilikuwa sauti ya mama yako.

Tulikuzika nyumbani kwenu Giakanja, mvua ikinyesha. Akina mama wa kanisa waliimba bila kuharakisha ingawa vitambaa vyao vya kichwa vilikuwa vimelowa chapachapa. Bwana Pravin alifunga duka siku hiyo. Alikuja na mke wake, wakashuka ule mteremko wa udongo mwekundu wakishikana, viatu vyao vikizama, na alipopewa nafasi ya kuzungumza alisema, "Huyu alikuwa mtoto wa nyumbani kwangu," akashindwa kuendelea. Njeri hakulia. Alikuwa akitazama wanaume wakifukia kana kwamba anachunguza kama wanafanya vizuri.

Sasa sikiliza.

Nilirudi Wang'uru. Muda haukupita sana, mchana mmoja nikiwa nimetoa kifuniko cha mota, vumbi la pumba kila mahali, simu ikaita. Mwanamke mmoja kutoka kwa wafadhili, sauti ya upole. Alisema nafasi ya chuo chetu imebaki wazi, na mimi ndiye ninayefuata. Je, bado ninaitaka? Nikasema ndiyo. Nikasema asante, asante sana. Nilivuka ule uwanja wanakoanika mpunga nikiwa karibu kukimbia. Nilikuwa nikitabasamu. Wale wanawake wanaogeuza mpunga juani wakaniuliza nimepata bwana? Nikacheka nao. Nilifika hadi kwenye mfereji wa maji ndipo nikasikia tena lile neno. Wazi. Imebaki wazi.

Niliketi pale. Gathoni, udongo wa kaburi lako ulikuwa bado haujashuka, nami nilikuwa nimecheka.

Watu wameniambia kwamba sikukunyang'anya kitu. Najua. Nimejiambia mwenyewe hata zaidi ya walivyoniambia. Lakini ile furaha haikuwa ya mtu mwingine, ilikuwa yangu, na ilikuja haraka kuliko huzuni. Ningetamani ichelewe kidogo tu.

Nilimficha mama yako habari hiyo kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nikipiga simu, namuuliza hali, namuuliza Njeri anaendeleaje shuleni, nakata. Mwishowe nikachukua mfuko wa mchele wa Mwea nikaenda Giakanja. Nilimkuta nje ya jikoni akimenya viazi, Njeri ameketi kwenye gogo akifanya hesabu za shule. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kumenya. Alimaliza kiazi alichoshika, akakitia kwenye maji, ndipo akasema.

"Unataka nikuambie nini, Ciru? Ati uende? Enda. Ati nimefurahi? Sijafurahi."

Nikasema, "Sawa, Mama."

"Hiyo si makosa yako. Lakini nikikuangalia naona vile yeye angetoka hapa na begi. Usinitake nicheke saa hii. Labda siku ingine."

Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa au kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kwa ukweli. Nikaanza kusema kwamba ninaweza kuikataa, kwamba nikisema tu neno moja nitabaki Wang'uru. Hapo ndipo alipokasirika. "Ukatae ndio nini? Ndio arudi?" Akachukua kiazi kingine.

Njeri alikuwa ameacha hesabu zake. Aliuliza, taratibu kabisa, "Anti, sasa wewe ndiye umepewa shule ya Mami?"

"Ndiyo, Njeri."

"Kwa hivyo hawamwekei tena nafasi?"

Nikamwambia hapana, hawamwekei tena. Mtoto akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa kitu kigumu akakielewa. Halafu akainamisha uso kwenye magoti na kulia. Nyanya yake alidondosha kisu. Wakati wote wa mazishi, wakati wote wa matanga, mtoto huyu alikuwa hajalia, kwa sababu chuo kilikuwa bado kinakungoja. Alikuwa amejipangia kwamba mtu anayengojewa hawezi kuwa amekwenda kabisa. Mimi ndiye niliyekuja na mchele mkononi nikalifunga lile pengo alilojiachia.

Nilirudi Wamagana kwa miguu, mbali kote huko, kwa sababu sikutaka kuketi karibu na mtu.

Nilikuja chuoni. Sitakudanganya kwamba ni kuzuri. Wengine wamekuwa pamoja tangu mwaka wa kwanza, wana makundi yao ya kusomea na utani wao. Sisi tuliotoka vyuo vya ufundi tunaingia katikati kama wageni wa harusi waliochelewa. Karakana siogopi, huko wananiita mimi mota zikigoma. Hesabu ndizo zilizonivua nguo. Mambo ambayo wao walifundishwa mwaka wa pili, sisi hatukuwahi kuyaona. Mtihani wangu wa kwanza nilianguka vibaya, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, angekuwa Gathoni asingeanguka. Nikaanza kusoma kana kwamba ninaadhibiwa. Sikula vizuri, sikuwapigia simu nyumbani, mtu akinitania sicheki. Nilidhani nikiumia vya kutosha nafasi hii itakuwa halali kwangu.

Haikuwa hivyo. Niliumia na nikaanguka tena. Aliyeniokoa ni msichana mmoja wa darasani ambaye aliniona nikifuta kitabu hadi karatasi ikatoboka. Alivuta kiti, akanielezea kutoka mwanzo. Kichwa kilikuwa kimejaa kelele, nikajisikia nikimwambia, "Rudia pole pole." Nilishtuka kusikia sauti yako kinywani mwangu. Lakini alirudia. Mtihani uliofuata nilipita. Si kwa kishindo. Nilipita tu.

Kila likizo ninaenda Giakanja. Mara ya kwanza mama yako alinipokea hapo nje, tukazungumzia mvua na bei ya kahawa. Mara ya pili alinikaribisha ndani, akanipa chai, akaniuliza kama chuoni tunakula. Njeri hakuniongelesha mara zote hizo. Alikuwa akinisalimia kwa mkono kama mtu mzima, kisha anaondoka. Sikumlazimisha. Nilimletea kitabu cha picha za mitambo, akakipokea, akakiweka juu ya kabati bila kukifungua, nami nikajifanya sikuona.

Likizo hii iliyopita nilikuta wanawake wa kanisa wamejaa pale kwenu, wamekuja kumsaidia mama yako kuvuna mahindi. Nilijipenyeza nyuma nianze kupukuchua nao bila kelele. Mmoja aliuliza, "Huyu msichana ni wa nani?" Nilisubiri. Nilijua kuna majibu mengi ya swali hilo, na yote nilikuwa nimeshajipa. Mama yako alikuwa amebeba karai. Akalitua, akajinyoosha mgongo, akasema, "Huyu ni Ciru wetu. Anasomea uhandisi wa stima."

Hakutaja jina lako. Hakusema badala ya nani. Akalibeba karai lake akaenda zake.

Nilitakiwa nifurahi. Niliinama nikapukuchua mahindi hadi vidole vikauma, kwa sababu hata hapo, Gathoni, hata hapo, nilihisi nimepewa kitu chako kingine. Mama yako pia. Njeri alikuwa upande wa pili wa lile rundo. Alinitazama muda mrefu, kisha akasogea, akasukuma gunzi la kusugulia punje upande wangu na kuniambia, "Anti, hivyo unavyoshika utaumia. Shika hivi."

Nikashika alivyonionyesha.

Sijui kama hatia hii itaisha. Nimeacha kuiombea iishe. Nadhani nitazoea kutembea nayo, kama mtu anavyozoea mguu mmoja kuwa mzito. Lakini Ijumaa, baada ya mwalimu kukukata jina, wenzangu wawili walinifuata nje wakaniuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Tukaketi kwenye nyasi. Niliwaambia habari za viatu vyako, za siku tuliyokusalimia tukidhani wewe ni mwalimu, nao wakacheka, nami nikacheka, na mbingu hazikuanguka.

Kwa hiyo ninakuahidi mambo mawili, na usinidai mengine. Digrii hii nitaimaliza kwa jina langu, kwa kichwa changu hiki, bila kujitia adabu kwa ajili yako. Ungenigombeza ungejua nilivyojitesa. Na Njeri akitaka kusoma, chochote kile, hata kama si umeme, nitakuwa mtu wa kumchosha kwa maneno hadi aombe nafasi, kama nilivyokuchosha wewe.

Nasikia wenzangu wanapanda kutoka kanisani. Pumzika, Gathoni. Mimi naenda kula nao.

Wako,
Ciru