Maini ya Ng'ombe wa Sindano

Mwambie Nasri nimemsikia, asinipigie kelele tena! Zamda, yale maini ya jikoni usiyapike. ~~Mpikie Nasri peke yake.~~ Fukia yote, asile mtu.

Yule ng'ombe nilimchoma sindano Jumatano, jana jioni nikamchinja. Nasri anasema siku za kungoja kabla ya kuchinja hazijatimia, dawa bado imo nyamani, na wadudu wa maradhi wakishaizoea ndiyo kama kidonda cha mama, hakisikii vidonge. Mama akaniambia, "Msikilize mdogo wako, amesoma." Mbele ya huyo huyo Nasri, kaja juzi tu kutoka chuo!

Nikautazama mguu wa mama wenye kile kidonda. Naenda buchani Ipuli kuzuia nyama niliyopeleka isiuzwe. Usimwambie Nasri nimekwenda huko.

Kidonda nimeshakiosha. Asikiguse, hiyo kazi yangu. Natoka.

Kaka yako