Kaburi la Nyanya Nyakerario

Jumatatu, 10 Machi 2025

Figo za Mama zimechoka. Daktari wa Kisii hakuficha. Njiani Mama aliniambia jambo moja tu: nimtafutie kaburi la mama yake, aweke msalaba naye akingali hai. Nyanya Nyakerario alikufa akimzaa.

Jioni nikapita Keumbu, kwa babu, mume wa Nyanya. Wake za ukoo wote wamezikwa kushoto kwa nyumba zao. Kushoto kwa nyumba ya babu — migomba. Nimeudhika. Miaka yote hii hakuna aliyeuliza!

Jumatano, 12 Machi

Katekista wa parokia, Bw. Onyiego, amenitolea kitabu cha vifo cha 1966. Yumo. Mahali pa maziko: Nyacheki. Huko ndiko alikozaliwa, siko alikoolewa.

Mama hakushangaa. Alisema basi mahari haikutolewa, akaendelea kupepeta wimbi. Nilitoka nje nikalia peke yangu.

Jumapili, 16 Machi

Nyacheki. Mjomba Machogu, mtoto wa kaka yake Nyanya, ametupokea kwa chai na ndizi za kuchemsha. Mama akamwuliza moja kwa moja.

Mjomba akasema hakuna ng'ombe hata moja ilitoka Keumbu, kwa hivyo wazee walienda kuchukua maiti yao. Mtoto waliacha, kwa sababu huku hakukuwa na mtu wa kumnyonyesha. Mama, huyo mtoto, akaweka kikombe chini.

Binti aliyerudishwa hazikwi ndani ya boma. Walimlaza nje, kando ya ua. Baadaye ndugu wakagawana shamba, ua ukang'olewa, chai ikapandwa. Mjomba alituonyesha kwa mkono: hapo, ama hapo chini kidogo. Hana hakika.

Mama akaingia katikati ya michai, akaketi kwenye udongo na gauni lake la kanisa. Akasema naye azikwe hapa. Mjomba akamjibu kwa upole: dada, wewe ulitolewa ng'ombe, kwako ni kwa bwanako, huku hatuwezi.

Mvua inakaribia. Nimemsihi, hataki kuinuka. Anasema nimwambie Baba amwache hapa. Nimepiga simu.

Baba amepokea, sauti ya furaha. Anauliza kama tumempata Nyanya, maana fundi wa msalaba amefika na anataka kujua wapi pa kuupeleka.