Wazee Kumi na Mmoja Chumbani kwa Bibi

Lindi. Jumatatu, 4 Rajabu 1323. Kidachi, 4 Septemba 1905
Nimewapangusa vumbi wazee wangu wote kumi na mmoja. Hakuna mchwa, alhamdulillahi. Tarehe nimeweka mbili kwa sababu nimesoma, japo skuli niliitoroka mwaka wa pili. Lindi nzima hakuna mwenye picha kama zangu: wachungaji wa Kiprotestanti wa zamani, waliochapwa kwa bamba la shaba. Alama ya bamba unaiona pembeni, karatasi imebonyea. Mdachi wa forodha, Mjerumani yule, alinifundisha. Tukabadilishana, picha kwa jogoo, hadi yeye akaishiwa picha na Baba akaishiwa majogoo. Majina siyawezi, herufi zao zimejikunja kama mizizi ya mikoko. Nimewabatiza mwenyewe. Mzee Sahani: ukosi mpana, kichwa kama kimepakuliwa. Mzee Ndimu: uso mchachu.
Baba, mwalimu wa chuo cha Kurani, kasema Ijumaa anazichoma. Nimezificha kwa Bibi, anaumwa homa. Baba hawezi kupekua kitanda cha mama yake.

Jumatano, 6
Amepekua.
Vita imefika Mtama, watu wanakimbilia mjini, yeye anahangaika na karatasi zangu. "Malaika hawaingii nyumba yenye picha!" Bibi kafumbua jicho moja. "Hata Izraili mtoa roho?"
Baba kaziacha, katoka nje. Mwalimu mzima!
"Mume wangu," Bibi kaniambia, "watundike hao wazee. Wote."
Nimewabana ukutani kwa nyuzi za ukindu. Msumari unaharibu karatasi, wajinga hawajui. Picha zimepona. Na Bibi atapona.

Alhamisi, 7
Bibi hana siri. Majirani wamejaa mlangoni. Huko bara wapiganaji wana maji ya dawa ya kuzuia risasi, hapa mtaani wana mimi. Mama Zuhura kaja kuazima mzee mmoja, akamkataa Mzee Ndimu: "Huyu atanikausha maziwa!" Nimeazimisha saba, kwa masharti: mikono mikavu, moshi mbali. Aliyekuwa akiniita kafiri mdogo leo kaniita sharifu. Nimeitika.

Jumamosi, 9
Ijumaa imepita, hakuna moto. Lakini Bibi hali chakula. Anaugua kwa sauti. Izraili hajaingia, homa nayo haijatoka.
Baba kakohoa mlangoni. "Wale saba… huwezi kuwarudisha?"
Baba yangu huyo! Nilitaka kucheka, nikauona uso wake. Nimewarudisha wote. Majirani wamenitukana mpaka ukoo.

Jumanne, 12
Bibi kaniita kabla ya adhuhuri. "Mume wangu, watoe." Nikamtania, unawaonea haya? Hakucheka. "Nimechoka. Wananizuilia mgeni."
Nilikataa. Nilisema picha ni zangu. Kanishika kidole, hakukiachia.
Nikawatoa. Mmoja mmoja, polepole. Mzee Sahani nilimrudisha mara mbili.

Jumatano, 13
Tumemzika asubuhi. Baba kafagia chumba mwenyewe.
Picha nilizitupa ukumbini. Baba kaziokota, kazinyoosha, kazifunga kwenye kanga ya Bibi, kaziweka juu ya mto wangu.
Sijafungua.