Tao Lililogoma Mlangoni

4 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zangu zikikufikia kabla ya barua usishangae, zina mwendo kuliko posta. Hujambo? Dada yangu, mama yako, hajambo? Mimi mzima. Mgongo tu unalalamika, ila mgongo wa fundi ukinyamaza ujue fundi kafa.

Nasikia unaolewa na unatafuta mpambaji. Mpambaji wa nini na mimi nipo? Mwanangu, juzi waridi langu la satini lilifuatwa na nyuki. Akatua, akazunguka weee, akagundua, akaondoka kwa aibu bila kuaga. Na bibi harusi wa mwezi uliopita nilimkuta anayamwagilia maji maua yangu. Nikamwacha. Ningemwambia ukweli angezimia.

Wewe nitakutengenezea tao, msimame chini yake wewe na mwenzio. Maua elfu tatu. Kila petali naikata kwa mkono, naipitisha juu ya mshumaa mpaka ukingo ujikunje kama ua la Mungu. Jirani yangu wa kuchomelea vyuma ataniundia fremu ya bomba. Wewe niandikie upana wa mlango wa ukumbi tu, maana mimi si wa kubahatisha.

Mjomba wako,
Fundi wa Maua

12 Mei

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Mkaza mjomba hajambo? Mama anakusalimu, na anasema hayo maua elfu tatu tuyagawe kwa tatu, kama mambo yako yote.

Mlango wa ukumbi ni wa vipande viwili. Vikifunguliwa vyote ni mita tatu kasoro kiganja, nimepima mwenyewe. Mama mkwe alikuwa na mpambaji wake wa maua ya plastiki. Nikamwambia amwache, nina mjomba. Akauliza, "Ndiye yule wa nyuki?" maana nilimsomea barua yako. Nikasema ndiye huyo huyo. Akacheka kwa pembeni ya mdomo, nawe unakijua hicho kicheko.

Mjomba, sina mpambaji mwingine. Usiniaibishe kwa watu ninaokwenda kuishi nao.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na heri kwenu nyote. Huku afya tele.

Limekwisha. Mwambie mama mkwe akauchonge mdomo wake upya, ule wa kuchekea pembeni hautamfaa tena. Fremu tuliiunga humu humu chumbani, maana nje vumbi lingekula satini. Juu linagusa kenchi za paa. Nyeupe imepanda toka kushoto, nyekundu toka kulia, zimekutana katikati kama wageni wa pande mbili wanaoogopana. Kitanda changu kiko chini yake. Kila nikiamka nadhani nimekufa na nimepokelewa vizuri. Mkaza mjomba wako amehamia sebuleni, anasema yeye bado hajafa.

Mafundi wawili wa mtaa wa pili walikuja kuchungulia. Mmoja kaacha kazi, sasa anauza mkaa.

Mjomba wako,
Fundi Mkuu

20 Juni

Mwanangu,

Natumai mu wazima. Kuna kajambo.

Mlango wangu umesinyaa. Mimi nilipima kwa mlango wa ukumbi, na tao linapita mle bila kugusa. Wa kwangu sikuupima. Mlango umekaa na mimi miaka yote hiyo, ningeudhania ubaya? Tumelijaribu ubavu, tumelijaribu kichwa chini. Limegoma.

Jirani anasema tukate bomba. Nikamwambia cheche moja tu, satini yote jivu. Kufumua nako haiwezekani, maua yameshonwa kwa kufuatana, kuyashona upya ni mwezi, na harusi ni Jumamosi ijayo. Mkaza mjomba wako amesimama mlangoni amejishika kiuno. Ungemwona ungeogopa.

Tafadhali usimwambie mama mkwe.

Mjomba wako

23 Juni

Shikamoo Mjomba,

Leo salamu ni fupi. Barua yako niliisoma nikakaa sakafuni. Mama mkwe akanikuta hapo hapo, akaichukua, akaisoma. Nilingoja kile kicheko. Hakucheka. Akauliza, "Nyumba ya mjomba wako imeezekwa kwa nini?"

Mabati, Mjomba. Bati lina msumari, kenchi ina msumari, na msumari unang'oka. Ijumaa asubuhi tunakuja na shemeji zangu, kamba na lori. Mama mkwe anakuja pia. Wewe usikate kitu.

Mpwa wako

19 Julai

Mpwa wangu, bibi wa watu,

Heri na baraka kwako na kwa mumeo. Huku wazima, kenchi na mabati yamerudi, bati linavuja moja tu, na nimelikingia sufuria.

Barua hii ni ya mashtaka. Haniamini mtu. Jana mteja alikuja, nikamweleza: tao la mpwa wangu lilitoka juu ya paa, wanaume wanane wameshika kamba, mtaa mzima umetazama juu, muuza maji kaacha bomba linamwagika, na mama mkwe wa mtu amesimama juu ya lori anaelekeza, "Polepole, hayo ni maua ya Fundi." Fundi, alisema. Hakusema yule wa nyuki. Ulisikia mwenyewe.

Mteja akanitazama, akasema, "Mzee, tuachane na hayo, nionyeshe rangi." Nikaapa. Akasema, "Na wale nyuki wako unaotusimulia walikuwepo?"

Mwanangu, miaka yote napika kwa chumvi nyingi na watu wanakula. Leo nimepakua bila chumvi, wanatema. Nifanyie hisani, niandikie ushahidi wenye sahihi, niubandike ukutani.

Mjomba wako,
Fundi, kama alivyosema mama mkwe wako

27 Julai

Kwa yeyote unayesoma karatasi hii ukutani,

Hujambo, na karibu kwa mjomba wangu. Bibi harusi ni mimi. Siku hiyo nilisimama barabarani kwa miguu yangu, nikaona kwa macho yangu. Tao lilitoka juu ya paa, na waliolivuta walikuwa wanaume ishirini na wanne. Maua yalikuwa elfu tatu, nimeyahesabu. Nilisimama chini yake mpaka taa za ukumbi zikazimwa, na hakuna ua lililoinamisha kichwa.

Na nyuki walikuwepo. Mmoja alitua kwenye waridi jeupe, upande wa mama mkwe. Hakuondoka mpaka picha zikaisha.

Nimetia sahihi,
Mpwa wa Fundi